Kwa Nini Hoteli za Chakula Hufungwa

Msomaji, ukitoka Eldoret ukashika njia ya Ziwa, utapita kati ya mashamba ya mahindi na ngano, na penye kituo cha biashara hutakosa kuona hoteli. Neno hili "hoteli" kwetu Kenya halina maana ya nyumba ya kulala wageni peke yake. Ni mahali popote mtu anapouziwa chai na mandazi, chapati na maharagwe, ugali na nyama. Ukitazama vizuri utaona na jambo la pili. Si mbali na hoteli iliyo wazi pana nyingine iliyofungwa, na ukutani mwake yangali maandishi ya bei za siku zilizopita. Watu hupita wasiulize. Husema tu, "Biashara ilimshinda," kisha huendelea na safari yao.

Mwanafunzi wa historia hapaswi kuridhika na jibu hilo. Falme zilipoanguka, wenye elimu waliuliza sababu, wakaandika vitabu. Hoteli inapoanguka hakuna aandikaye. Hata hivyo hasara yake si ndogo kwa wale inaowapata. Ndani ya hoteli moja mna fedha za mavuno ya mwaka mzima, au bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, au mkopo wa chama, au kiinua mgongo cha mtu aliyetumika miaka thelathini. Siku mlango unapofungwa, kuna mpishi anayekosa mshahara na kuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kwa ajili hiyo yafaa tuulize kwa makini: ni mambo gani huifunga hoteli, na mwenye kuanzisha nyingine ajifunze nini?

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi zetu za bara, hapo kale, chakula kilichopikwa hakikuwa bidhaa. Mgeni alifika kwa mwenyeji akapewa alichokuwa nacho, na mithali ilimkumbusha asikae bure: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pwani mambo yalitangulia kugeuka, maana katika bandari kama Mombasa na Lamu walikutana watu wasiojuana, wenye fedha mkononi na wasio na jamaa wa kuwapikia. Muuza kahawa alibeba dele lake la shaba na vikombe, na kutokana na kahawa hiyo lugha yetu ikapata neno mkahawa. Hapo twaona kanuni ya kwanza ya historia hii: mkahawa huzaliwa mahali ambapo wageni wengi hupita, wakiwa na njaa na fedha, na wakiwa mbali na meko ya nyumbani. Ikiwa hilo ndilo linaloizaa, basi hilo likiondoka, nyumba hiyo haina budi kufa, hata kama mpishi wake ni hodari kuliko wote.

Ushahidi wa kanuni hii tunao katika habari za reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ukingo wa Ziwa Victoria. Siku zile za mwanzo gari moshi halikuwa na behewa la kulia. Abiria walishuka katika stesheni kama Voi, wakaingia katika nyumba maalumu ya kulia iliyojengwa karibu na njia, wakala upesi, kisha wakapanda tena. Nyumba hizo zilikuwa na wateja ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Baadaye magari moshi yalipotiwa mabehewa ya kulia, abiria hakuwa na haja tena ya kushuka. Wapishi wa Voi walikuwa wale wale na supu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni gari moshi.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwishoni mwa Mei 2017 reli mpya ya kati ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa. Mabasi ya njia hiyo yalizoea kupumzika Mtito Andei, karibu nusu ya safari, na abiria wakishuka hununua chai, samosa na viazi. Abiria aliyehamia gari moshi hupita mji huo bila kukanyaga ardhi yake. Mwenye hoteli ya kando ya barabara hakufanya kosa lolote siku hiyo. Aliamka asubuhi akakuta sehemu ya wateja wake wamehamishwa na uamuzi uliofanywa mbali naye.

Sasa turudi kwetu, Uasin Gishu. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilipanda nyanda hizi na magari ya ng'ombe. Mwaka 1910 ofisi ya posta iliwekwa katika shamba lililopewa nambari 64, na ndiyo maana wazee wengi waliuita mji huo Sisibo, yaani sitini na nne kwa Kiingereza kilichogeuzwa na ndimi za wenyeji. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na reli ilifika mwaka 1924. Mji ulikua: kwanza mji wa walowezi na mafundi wa reli, kisha mji wa viwanda, na baada ya Chuo Kikuu cha Moi kuanzishwa mwaka 1984, mji wa wanafunzi pia. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ulipewa hadhi ya jiji. Angalia, msomaji, kwamba katika kila zamu ya historia hiyo mlaji alikuwa mtu mwingine. Mlowezi alitaka chakula cha kwao, na katika miaka mingi ya ukoloni hoteli kubwa za Wazungu nchini hazikumkaribisha Mwafrika mezani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, na walowezi wengi wakauza mashamba wakaondoka, nyumba iliyotegemea watu wa rangi moja ilibakiwa na njia mbili tu: kumfungulia mlango mwananchi, au kuufunga kabisa.

Mlaji wa kiwandani naye ana historia yake. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilikuwa fahari ya Eldoret tangu miaka ya 1970, lakini kilishindwa na madeni na mashindano ya nguo kutoka nje, kikafungwa mwaka 2000. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua na kuanza kukifufua. Kati ya miaka hiyo, kengele ya adhuhuri haikulia. Kiwanda kikifungwa hakifungwi peke yake. Pamoja nacho hufungwa meza ya mama aliyewauzia mafundi githeri, na duka la sigara, na chumba cha kupanga. Mwenye kuweka hoteli mbele ya lango la kiwanda kimoja, au shule moja, au ofisi moja, ameufunga mtumbwi wake kwenye meli ya mwingine. Meli ikienda vizuri naye huenda; ikizama, hana budi kuwa na kisu cha kuikata kamba.

Hayo ndiyo mambo yanayotoka nje. Yako na makubwa zaidi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Maduka na mikahawa ya Kampala na Jinja iligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua biashara. Waliuza kilichokuwa rafuni, na rafu zilipokwisha hawakujua bidhaa hutoka wapi wala hesabu hufanywaje. Nyumba ilikuwa ile ile. Ujuzi ndio ulioondoka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret na sehemu za jirani ziliona moto na damu, na biashara nyingi ziliteketea pamoja na mali ya wenyewe. Na mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoingia Kenya, hoteli ziliamriwa mwishoni mwa Machi ziuze chakula cha kuchukua tu, na tarehe 27 mwezi huo amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Ruhusa ya kuketisha watu ilirudi mwishoni mwa Aprili kwa masharti, bali amri ya usiku haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hoteli iliyoishi kwa chakula cha jioni ilikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila jioni kamili.

Hapa yafaa tusimame, tusije tukafanya haraka ya kuhukumu. Mtu akifilisika kwa moto au maradhi, jirani asimwambie kwamba hakuwa na bidii. Lakini historia hutuonyesha jambo jingine pia: katika msiba ule ule, barabara ile ile, hoteli moja hufungwa na ya pili hubaki. Msiba ni kama upepo wa masika. Huangusha zaidi mti ambao mchwa walikuwa wamekwisha kuula ndani. Basi tuwatafute mchwa hao.

Mchwa wa kwanza ni hesabu isiyofanywa. Tufanye mfano mdogo. Tuseme hoteli moja huuza sahani 60 za ugali na nyama kwa siku, kila sahani shilingi 150. Mapato ni shilingi 9,000. Unga, nyama, mboga na mafuta hugharimu 5,000. Makaa na gesi 700, kodi ya nyumba 300, mishahara ya watu wawili 1,200, na maji, sabuni na ada za serikali 300. Jumla ya hayo manne ni 2,500. Gharama zote ni 7,500, na mwenye hoteli hubakiwa na 1,500. Huyu ni mtu mwenye furaha. Sasa bei ya vyakula ipande kwa sehemu moja katika tano, naye asiguse bei ya sahani. Vyakula vitagharimu 6,000, na faida itashuka mpaka 500. Kisha wateja wapungue kutoka 60 hadi 50. Mapato ni 7,500. Vyakula vya sahani 50 ni 5,000. Zile gharama nyingine 2,500 hazikupungua hata senti, maana mwenye nyumba hahesabu walaji anapodai kodi. Faida ni sifuri. Ajabu yake ni hii: hoteli bado imejaa watu 50, moshi unafuka, vyombo vinalia, na apitaye nje husema, "Huyu ametajirika."

Wala mfano huu si ndoto. Mwaka 2017 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipanda sana hata serikali ikaingilia na kuiuza kwa shilingi 90. Mwaka 2022 ilipita shilingi 200, na mwezi wa Julai serikali ikaishusha kwa muda mfupi mpaka 100. Mwezi wa Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na makaa yakawa ghali. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 2023. Mwezi wa Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa kodi ya asilimia 16, ambayo mwaka uliofuata ilipunguzwa kuwa 8. Mtu anayepika kila siku hukutana na mambo haya yote sufuriani mwake. Asiyeandika bei ya jana hawezi kujua kwamba leo anauza kwa hasara.

Kuna nyumba moja mashuhuri ya Marekani inayotufundisha juu ya bei. Kampuni ya Horn & Hardart ilifungua mwaka 1902, katika mji wa Philadelphia, mkahawa usio na watumishi wa mezani. Mteja alitia sarafu katika tundu, akafungua kijidirisha, akatoa chakula chake mwenyewe. Mwaka 1912 ilifika New York, na watu maskini kwa matajiri waliipenda. Kahawa ilikuwa senti 5, na ikakaa senti 5 mpaka mwaka 1950, ingawa vita viwili vikuu vya dunia vilikuwa vimepita na kila kitu kimepanda. Bei ilipopandishwa hatimaye, ilipanda mara mbili kwa siku moja, kwa kuwa mashine zilikubali sarafu za senti 5 tu. Basi ikawa senti 10, na wateja wakakasirika. Watu wa New York pia walikuwa wakihamia vitongoji, na mikahawa mipya ya mikate ya nyama ilikuwa inazaliwa. Nyumba ya mwisho ilifungwa mwaka 1991. Funzo ni wazi: mwenye kuogopa kuongeza shilingi tano mwaka huu atalazimika kuongeza hamsini mwaka ujao, na mteja husamehe hatua ndogo kuliko mruko.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba hesabu peke yake yatosha. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilifungua duka lake la kwanza la chai London mwaka 1894, na baadaye ikawa na maduka ya namna hiyo zaidi ya 200. Watu hao walipenda hesabu kupita kiasi. Mwaka 1951 waliitia kazini mashine yao ya kompyuta iliyoitwa LEO, ambayo husemwa kuwa kompyuta ya kwanza duniani kutumika katika kazi za biashara, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuhesabu gharama za mikate na keki. Walijua gharama ya kila andazi. Hata hivyo desturi za walaji ziligeuka, kodi na mishahara ya London ikapanda, na kampuni yenyewe ikakopa fedha nyingi za kigeni. Thamani ya pauni iliposhuka katika miaka ya 1970, deni likavimba. Nyumba yao kubwa ya mwisho ya kulia ilifungwa mwaka 1977, na mwaka uliofuata kampuni ikanunuliwa na wengine. Kalamu iliwaonyesha fedha zinakwenda wapi. Haikuwaonyesha walaji wanakwenda wapi. Hilo huonekana kwa macho, na kwa kuuliza.

Mchwa wa pili ni deni, na hapa Ziwa tuna sura yake ya pekee. Nyanda hizi hupanda mahindi mara moja kwa mwaka. Mbegu huingia ardhini Machi na Aprili, na mavuno huanza Oktoba. Basi fedha za mkulima huja kama mvua ya msimu mmoja. Baada ya mavuno hoteli hujaa, nyama huagizwa kwa kilo, na mwenye hoteli hujiona amevumbua mgodi. Ifikapo Juni, mkulima huyo huyo amekwisha kununua mbolea na kulipa karo, na mfuko wake ni mtupu. Huomba aandikwe katika daftari mpaka mahindi yauzwe. Yeye si mwizi, ni jirani, na kumnyima ni vigumu. Lakini muuza nyama hangoji mahindi. Hoteli hufungwa mwezi wa Julai ikiwa daftari lake limejaa fedha ambazo haziwezi kununua hata kibaba cha unga. Mwenye busara hufanya kama mkulima mwenyewe afanyavyo: huweka ghala. Faida ya Desemba haijengi nyumba ya mawe. Sehemu yake huwekwa akiba imtunze Juni. Na deni humpimia kila mtu kiasi, kama apimavyo chumvi.

Mchwa wa tatu humezea nyumbani. Katika mfano wetu, faida ilipokuwa shilingi 500 kwa siku, ndugu wanne wakila bure kila mchana wamekula shilingi 400 za unga na nyama. Nani atamfukuza mtoto wa shangazi? Mila zetu za ukarimu ni tunu, wala sishauri zitupwe. Nashauri tu kwamba mlo wa jamaa ulipwe kutoka mfuko wa nyumbani, uandikwe kama mlo wa mtu mwingine yeyote, ili mwenye hoteli ajue anatoa sadaka kiasi gani. Ukarimu usiohesabiwa huua mti unaouzaa. Ni vivyo hivyo na mfuko wa fedha: mkono uleule unaopokea shilingi ya chai usilipe karo papo hapo kutoka saraka ya hoteli. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, jambo hili limekuwa jepesi zaidi, kwa kuwa nambari ya biashara inaweza kutengwa na nambari ya mwenyewe. Lakini chombo hakimsaidii asiye na nia.

Juu ya jamaa kuna ushahidi wa wataalamu. Mwaka 2005 walimu kadhaa wa vyuo vikuu nchini Marekani walitoa uchunguzi wao wa mikahawa ya mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, kati ya miaka 1996 na 1999. Watu walikuwa wakisema kwamba mikahawa tisa katika kumi hufa mwaka wa kwanza. Wao walikuta sivyo: kiasi cha robo moja ilifungwa au kubadili mwenyewe katika mwaka wa kwanza, na kufikia mwaka wa tatu kiasi cha tatu katika kila tano. Kisha waliwauliza wenyewe. Walikuta kwamba wengi wa walioshindwa walitaja madai ya familia, muda na nguvu ambazo kazi hiyo huwanyang'anya watu. Na kwamba wale waliofanikiwa walijua wazi hoteli yao ni ya nani na ni ya kazi gani, si ladha ya chakula pekee. Columbus si Ziwa. Lakini mke na mume wanaoamka saa kumi usiku kukanda mandazi, na kufunga saa tatu usiku, hawahitaji kufasiriwa maneno hayo. Kabla ya kukodi nyumba, jamaa wakae wakubaliane nani atakuwa wapi, na siku gani ni ya kupumzika. Mwili nao ni rasilmali, na hufilisika.

Mchwa wa nne ni uchafu, na wa tano ni kutegemea mlango mmoja wa kupata vitu. Juu ya uchafu sina haja ya maneno mengi. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, imeagiza usafi kwa miaka mingi, na afisa wa afya ana uwezo wa kufunga jiko lenye hatari. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwashika hata wageni wa mikutano mikubwa ya Nairobi, walioketi juu ya vitambaa vyeupe. Kijidudu hakiheshimu kitambaa. Juu ya mlango mmoja, kumbuka kisa cha Januari 2022, ambapo hoteli za KFC nchini Kenya zilikosa viazi vya kukaanga kwa sababu viazi vyao viliagizwa kutoka nje na meli zilichelewa, hali viazi vya wakulima wa Kenya vilikuwa sokoni. Wananchi walinung'unika, na kampuni ikaahidi kutafuta viazi nchini. Kampuni kubwa ilivumilia aibu hiyo. Hoteli ndogo ikikosa maziwa siku tatu kwa kuwa muuza maziwa wake mmoja amegombana nayo, wateja wa chai hawatarudi.

Sasa tuyakusanye. Nimekuonyesha sababu za namna mbili: zile zitokazo nje, kama reli, sheria, vita na maradhi, na zile zikuazo ndani, kama hesabu, deni, jamaa, uchafu na kutegemea mlango mmoja. Za kwanza mtu hawezi kuzizuia, lakini aweza kuzitazama zikija. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda zimeenea vijijini. Mkulima aliyekuwa akingoja gari saa mbili, akinywa chai huku akingoja, sasa aweza kufika kwake kabla chai haijapoa. Mwenye hoteli mwenye macho hakulia. Aliwauzia chakula waendesha pikipiki wenyewe, na akawatuma wapeleke chakula mashambani kwa wavunaji. Mlaji alihama, naye akamfuata. Za pili zimo mikononi mwetu kabisa, na ni hizi zinazoamua nani atabaki upepo ukivuma.

Limebaki jambo moja ambalo watu hawapendi kulisema. Hoteli nyingine yafaa ifungwe. Mahali pengine wateja wamekwisha kuondoka na hawatarudi, na kila mwezi wa subira huongeza deni. Mtu huona haya. Husema, "Majirani watanicheka," akauza ng'ombe wa tatu kuokoa biashara iliyokwisha kuwala wawili. Historia haimcheki aliyefunga mapema. Aliyefunga huku akiwa amelipa wapishi wake, amemaliza deni la muuza nyama na kubakiwa na shamba lake, huyo ameshindwa vita kimoja na jeshi lake lingali zima. Aliyeweka hati ya shamba rehani ili aepuke kicheko, huyo amepoteza na kesho ya watoto wake. Basi mtu na aweke kikomo siku ile anapofungua, moyo ungali umetulia: hasara ikifika kiasi fulani, nitafunga. Akiandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake.

Na wewe, msomaji, uliye bado shuleni, yumkini utamaliza masomo ukaambiwa na wazazi wako kwamba fedha za mahindi ya mwaka huu zitatumika kufungua hoteli. Usiwavunje moyo, maana watu wenye njaa hawatakwisha duniani, na mkono mzuri wa kupika ni baraka. Waulize tu maswali haya: mlaji wetu ni nani, na ni kitu gani kimleta hapa? Akiacha kupita, tutamfuata wapi? Sahani moja yatugharimu shilingi ngapi leo, si mwaka jana? Juni tutakula nini? Hasara ikifika wapi tutasimama? Wakikosa jibu, chukua kalamu ukae nao mezani. Hesabu uliyofundishwa darasani haikuwekwa kwa ajili ya mtihani peke yake.